Moja Kumi na Moja za Mpasua Mbao wa Meru

Ukungu bado umeulalia msitu ulio juu ya Usa River, na Elisaria Nnko ameshasimama juu ya gogo la podo, miguu ameitanua, ameshika mpini wa juu wa msumeno uliomzidi urefu. Chini yake, ndani ya shimo, mwenzake ameshika mpini wa chini.

"Haya, vuta!" anasema Elisaria.

Msumeno unashuka, unapanda, unashuka tena. Vumbi la mbao linammwagikia aliye shimoni kichwani kama unga kutoka kinuni.

Pembeni, juu ya kisiki, ameketi mtu wa tatu mwenye mguu mmoja, mkongojo ameulaza kando yake. Huyu ni Lemburis, Mwarusha wa Kisongo, na kazi yake siku hizi ni kunoa misumeno kwa tupa. Lakini hautazami msumeno. Anamtazama Elisaria.

Wanapofika katikati ya gogo wanapumzika. Aliye shimoni anatoka kwenda kunawa macho. Elisaria anateremka, anakaa chini, anaweka mikono magotini, anaiondoa, kisha anairudisha palepale.

"Unaiona hiyo mikono?" Lemburis anamwambia mwandishi wa habari hizi. "Miaka mitano, kila tukipumzika, ilikuwa inashika mkaa. Tangu masika haya haijui iende wapi."

Kwa watu wa upande huu wa Mlima Meru, Elisaria, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anajulikana kama mtu wa hesabu moja. Wako wanaolitamka jina hilo kwa heshima na wako wanaolitamka kwa huruma. Wako pia wanaomvuta mtoto kando ampishe njia.

Hesabu yenyewe hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuiandika. Ni tarakimu ya moja iliyopangwa mara kumi na moja: 11,111,111,111. Swali lake ni fupi vilevile. Je, ukiacha moja na hiyo namba yenyewe, iko namba nyingine inayoweza kuigawa bila kubakiza kitu?

Hakuianzisha yeye. Aliianzisha binti yake Eunike.

Wakati huo familia ilikuwa ikiishi Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, na Eunike alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wake, Dismasi, ambaye sasa anaishi Sakina na kufundisha mjini Arusha, analikumbuka somo lile vizuri kuliko anavyopenda.

"Nilitaka tu wazoee kugawa namba kubwa," anasema. "Nikaandika moja mbili ubaoni, yaani kumi na moja. Haigawanyiki. Moja tatu, yaani mia moja na kumi na moja, ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne ni kumi na moja mara mia moja na moja. Moja tano ni arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja. Watoto wakawa wanapiga makofi kila namba inapokubali."

Eunike hakupiga makofi. Alinyoosha mkono. Alikuwa ameona kwamba moja sita hazina budi kugawanyika, maana sita yenyewe hukatika mafungu ya mbili mbili au ya tatu tatu. Kwa hiyo kumi na moja inaingia humo, na mia moja na kumi na moja inaingia pia. Hali ni hiyo hiyo kwa moja nane, moja tisa na moja kumi. Shida ni pale idadi ya moja zenyewe inapokataa kukatika, kama saba. Hapo huna pa kushika. Moja saba zinagawanyika, lakini mpaka uhangaike: ni 239 mara 4,649.

"Akaniuliza, 'Na moja kumi na moja, Mwalimu?' Nikamwambia sijui. Na kweli nilikuwa sijui."

Mtoto akaondoka na swali lake. Mwalimu alimpa miongozo miwili tu. Wa kwanza, asijisumbue na namba ambayo yenyewe inagawanyika, kwa kuwa tatu ikishindwa, tisa haitaweza. Wa pili, asivuke laki moja na elfu tano na kidogo. Kama namba ile ni zao la namba mbili zilizozidishwa, moja kati ya hizo lazima iwe chini ya hapo, la sivyo zao lingepita kiasi.

Mwezi wa Novemba mwaka huo wa 1951, kama wasomaji wengi wanavyokumbuka, Serikali iliwahamisha Wameru wa Ngare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Elisaria, mkewe Anaeli na binti zao wawili, Eunike na mdogo wake Tabea, walipakiwa kwenye lori pamoja na magodoro, kuku na mtungi mmoja, wakashushwa Kingori.

"Mvua ilitukuta kwenye kibanda cha nyasi," anasema Elisaria. "Mlimani tulizoea baridi. Homa ya kule chini hatukuizoea."

Eunike ndiye aliyeshikwa. Kwanza alitetemeka, halafu akawa wa moto, halafu akaanza kusema maneno ambayo baba yake hakuyaelewa.

"Alikuwa anasema, 'Kumi na saba, inabaki nne. Kumi na tisa, inabaki kumi na mbili. Ishirini na tatu, inabaki kumi. Ishirini na tisa, inabaki kumi na tatu.' Kisha anarudia mwanzo. Mimi nikadhani anahesabu watu waliobaki kule nyumbani."

Alifariki kabla ya Noeli. Walimzika Kingori, katika udongo ambamo hakulala ndugu yake hata mmoja, wakarundika mawe juu. Baadaye familia ikapata hifadhi kwa shemeji zake Elisaria huko Poli, juu ya Usa River, wakakatiwa kipande chembamba cha shamba la migomba na kahawa.

Mwalimu Dismasi alikuja matangani. Elisaria akamwuliza maneno yale yalikuwa na maana gani. Mwalimu akaokota kijiti, akaandika chini moja kumi na moja, akaeleza.

"Nilifika darasa la nne," Elisaria anasema. "Kugawa nilijua, ingawa si kwa namba kubwa namna ile. Nikamwambia, 'Nionyeshe alipofika.' Akasema, 'Kwa ulivyomsikia, aliishia ishirini na tisa.' Nikaanza na thelathini na moja. Ilibaki mbili."

Anatazama msituni. "Watu wanasema nilikuwa natafuta namba. Sikuwa natafuta namba. Nilikuwa sitaki aishie pale."

Mwaka uliofuata alipata kazi ya kupasua mbao. Wateja wake ni mafundi wa mjini, Singasinga wengi wao, ambao hutuma lori hadi chini ya msitu kuchukua mbao za miti ya podo na loliondo. Kila gogo huacha mabanzi, yale maganda ya nje yasiyouzika. Elisaria alikuwa akichukua banzi na kipande cha mkaa, na wenzake wakipumzika, yeye anagawa. Siku nzuri alimaliza namba mbili au tatu. Siku mbaya alikosea katikati, akaanza upya.

Kila mara kitu kilibaki. Arobaini na moja ilimbakizia moja. Mia mbili sabini na moja nayo ilimbakizia moja.

"Hizo mbili ziliniumiza," anasema. "Moja tu! Ni kama umefika mlangoni, ukakuta wamefunga sasa hivi."

Jioni mabanzi yalipelekwa nyumbani yakawa kuni. Anaeli aliyasukuma jikoni pamoja na hesabu zake, bila neno, mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili maneno yakaanza.

Tulimkuta Anaeli akipalilia kahawa. Hakusimamisha jembe ili azungumze nasi.

"Mwanamume akifiwa na mtoto, watu humwacha akae anavyotaka," alisema. "Mimi nilikuwa na Tabea wa kulisha. Yeye anarudi, anakula, anatazama ukuta, midomo inacheza. Tabea anamwambia, 'Baba, shikamoo,' yeye anajibu baada ya muda, kama aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Nilizika mtoto mmoja, nikaona na mume naye ameingia mle mle."

Kuna jambo jingine linalomkera. Tangu msiba ule majirani waliacha kumwita Mama Eunike. Wakamwita Mama Tabea, kwa nia njema, wasimtoneshe kidonda.

"Hawakuniuliza," alisema. "Waliona wanifutie tu."

Mwaka 1954 ndipo balaa la pili lilipofika. Gogo la loliondo, zito kupita podo, liliteleza juu ya shimo likamwangukia Lemburis aliyekuwa chini, likamponda mguu wa kulia. Walimbeba kwa machela ya matawi hadi barabarani, wakasimamisha gari la mboga lililokuwa linatoka upande wa Moshi. Hospitalini mguu ulikatwa juu ya goti.

Watu hawakukawia kupata sababu. Walisema Elisaria alikuwa juu akigawa hesabu kichwani badala ya kushika gogo. Walisema namba ile ilianza kutajwa na mtoto anayekufa, na kwamba anayeifuata anamfuata yeye. Wazee wa Usharika walikuja nyumbani, wakasali, wakamshauri aiache.

Mwandishi alimwuliza Lemburis mwenyewe. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kabari ilikuwa imeoza. Niliipiga mimi kwa mkono wangu. Gogo ni gogo, halikusoma hesabu."

Lakini Elisaria aliiacha. Kiangazi chote hakushika mkaa. Alipasua mbao kwa ajili ya nyumba mbili, yake na ya Lemburis, kwani mke wa Lemburis alikuwa na watoto wadogo na mifugo yao ilikuwa michache. Alikonda. Chakula alikigusa tu. Anaeli, aliyekuwa ameomba jambo lile lile kwa miaka miwili, alipolipata aliogopa.

"Kwanza alikuwa haongei kwa sababu anahesabu," alisema. "Sasa akawa haongei kabisa."

Lemburis ndiye aliyeivunja hali hiyo. Alipanda msituni kwa mkongojo kwa mara ya kwanza tangu aumie, akalala njiani mara mbili kwa uchovu, akafika akatupa banzi miguuni pa rafiki yake.

"Nilimwambia, 'Rafiki yangu, mimi mguu wangu haurudi hata ukinyamaza miaka mia. Mtu akigawa hesabu, anakula. Wewe usipogawa, huli. Gawa.'"

Elisaria akaokota mkaa.

Kuanzia hapo alikuwa akivuka elfu kumi, na kazi ikawa ngumu zaidi, kwa kuwa kabla ya kuijaribu namba ilimpasa kwanza ahakikishe kwamba yenyewe haigawanyiki. Mwalimu Dismasi alimfundisha kuchuja: unafuta za mbili, unafuta za tatu, unafuta za tano, za saba, unaendelea hivyo, na zinazosalia ndizo za kujaribu. Alivuka elfu kumi na tano. Alivuka elfu ishirini. Mbele yake zilikuwa bado zaidi ya elfu themanini, na alijua fika kwamba huenda akafika mwisho akakuta namba ile haina kigawanyo chochote.

"Hilo nalo lingekuwa jibu," anasema. "Lakini niliomba lisiwe hilo. Sikutaka kusikia kwamba haikuwa na mlango tangu mwanzo."

Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1957, katikati ya masika, mvua iliwafukuza shimoni adhuhuri. Walijibanza chini ya paa la majani ya migomba, Lemburis akichochea moto, Elisaria na banzi lake mapajani. Namba ya siku hiyo ilikuwa 21,649.

Aligawa kama kawaida. Tano, ikabaki 2,866. Akateremsha moja. Moja, ikabaki 7,012. Tatu, mbili, tatu. Ikabaki 19,484, akateremsha moja ya mwisho, akapata 194,841. Akazidisha 21,649 kwa tisa ili aone itabaki ngapi.

Akapata 194,841.

"Nikadhani nimenakili vibaya," anasema. "Unajua mtu akichoka huandika anachokiona jirani. Nikafuta kwa kiganja, nikarudia yote. Ikaja ile ile."

Akachukua banzi jingine, akazidisha kinyume, 21,649 kwa 513,239, mstari kwa mstari, akajumlisha kutoka kulia. Moja. Moja. Moja. Lemburis, ambaye hajui kusoma lakini miaka yote ile alikuwa ameizoea sura ya namba ile, aliacha moto akasogea.

"Niliona zinapangwa moja moja kama ng'ombe wanaoingia zizini," anasimulia. "Ilipofika ya mwisho, huyu akaweka mkaa chini. Nikamwambia, 'Imekubali?' Akasema, 'Imekubali.' Nikamwambia, 'Basi furahi.' Akaanza kulia. Alilia mpaka mvua ikakatika."

Kwa msomaji anayetaka kuiona kwa macho ya mkulima: mtu akiwa na miche ya kahawa elfu milioni kumi na moja, na mia moja na kumi na moja milioni, na mia moja na kumi na moja elfu, na mia moja na kumi na mmoja, anaweza kuipanda katika mistari 21,649, kila mstari miche 513,239, na hakuna hata mche mmoja utakaobaki mkononi. Na hakuna mpango mwingine, isipokuwa kugeuza huo huo, au kuipanda yote katika mstari mmoja.

Hakika hiyo ilitoka kwa Mwalimu Dismasi, Elisaria alipomfuata Sakina akiwa na banzi ndani ya gunia. Mwalimu alikagua ubaoni, akakuta ni sawa. Elisaria akamwuliza kama 513,239 nayo haiwezi kukatwa tena.

"Nikamwambia, fikiri," anasema Mwalimu. "Kama ingekuwa na kigawanyo kidogo, kigawanyo hicho kingeigawa na namba kubwa pia. Na wewe zote ndogo umeshazijaribu, miaka mitano, zikakataa. Basi haina. Hizo mbili ndizo peke yake."

Alimwambia jambo moja zaidi, kwa kuwa hakutaka kumficha. Alisema yamkini wataalamu wa Ulaya walikwisha kuipata zamani, na imo katika vitabu ambavyo havijafika Arusha.

Elisaria alitikisa kichwa taratibu. "Yawezekana," alijibu. "Sikuwa nashindana nao."

Alirudi Poli kwa miguu. Anaeli alikuwa akimenya ndizi. Akamwambia, "Imegawanyika."

"Sasa?" aliuliza Anaeli.

Katika miaka yote ile Elisaria hakuwahi kufikiri kitakachofuata. Siku zilizofuata aliugua, bila homa wala kikohozi. Alilala tu ameelekea ukutani. Majirani walileta uji. Kwa Anaeli ilikuwa kama matanga yale ya Kingori, ambayo mumewe hakuyakaa kwa moyo, sasa ndiyo anayakaa.

Safari hii Anaeli hakumwacha peke yake. Aliketi kando ya kitanda, akaanza kumsimulia habari za Eunike ambazo baba mtu hakuzijua: jinsi alivyoogopa kuku mweupe, jinsi alivyokuwa akila ndizi mbichi kwa siri, jinsi alivyombishia shangazi yake kuhusu umri wake mwenyewe. Elisaria alisikiliza. Siku moja Tabea, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, aliingia akasema shikamoo, na baba yake akamjibu hapo hapo. Kisha akamtazama kwa muda mrefu.

"Amekuwa mrefu," alimwambia mkewe.

"Alikuwa mrefu tangu mwaka juzi," Anaeli alijibu.

Elisaria amerudi kazini. Hana nguvu zile za zamani, na Lemburis hamwondolei macho. Wapo waliomshauri aanze moja kumi na tatu. Amekataa. Anasema hizo si zake.

Analo jambo jingine analolipanga. Ameweka kando ubao wa loliondo, mnene, usio na fundo, na unakauka uvunguni mwa kitanda. Mvua zikiisha anataka kuubeba hadi Kingori na kuusimika juu ya kaburi la binti yake. Anaeli, ambaye hajakanyaga huko tangu siku ya mazishi, amesema atakwenda.

Mwandishi alimwuliza Elisaria kama ataziandika zile namba mbili.

"Nilitaka," alikiri. "Mama yake amekataa. Anataka jina tu."

Anaeli alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hakupata kusoma shule, wala hajui herufi. Alinyoosha kidole cha shahada, akakipitisha polepole hewani, kana kwamba ubao umeshasimama mbele yake.

"Nimemwambia achonge ndani sana," alisema. "Nikipitisha kidole, nijue ni Eunike."